Kicheko Kwenye Santuri ya Kumi na Saba

Harm Ketelsen hakuwa na miguu ya kucheza. Hakuwa na sauti ya kuimba, wala sikio la kutofautisha tarumbeta na tromboni, wala subira ya kumsikiliza mtu anayemweleza tofauti hiyo. Hakuwa na nywele tangu kabla hajaitwa babu. Hakuwa na kisa hata kimoja cha ujana ambacho mtu aliwahi kumwomba akirudie. Miaka yote aliyochomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli cha Finkenwerder, hakuna picha yake iliyotundikwa mahali popote. Alichokuwa nacho ni mke, na mkewe Gesine alikuwa na kicheko kilichoingia kwenye santuri.

Santuri zenyewe zilikuwa za bendi ya Bodo Rademann. Wakati ule hapakuwa na nyumba mtaani isiyokuwa nazo. Rademann alichukua nyimbo zilizovuma mwaka huo, akaziunganisha moja kwa nyingine bila pengo, ili mtu aliyesimama kucheza asipate nafasi ya kukaa. Juu ya muziki zilisikika kelele za karamu: makofi, bilauri zikigongana, watu wakiitana. Mwaka sabini na moja, klabu ya mtaani ya mchezo wa kuangusha pini ilipandishwa basi, ikavushwa mto hadi studio, ikapewa soseji na divai, ikaambiwa ifurahi huku kanda inazunguka. Siku hiyo Harm alikuwa kwenye zamu. Gesine alikwenda, na mwanzoni mwa upande wa pili wa santuri ya nane, kabla ngoma hazijaingia, kuna mwanamke anacheka: kicheko kinapanda, kinakwama, kinaanza upya.

Harm alijenga baa chini ya nyumba kwa mikono yake, akazifunika kuta kwa mbao, akatundika taa za rangi. Jumamosi majirani walishuka na saladi ya viazi na samaki wa siki, na santuri ya nane ilipogeuzwa wote walinyamaza. Kicheko kilipotoka tu walipiga kelele kwa pamoja, "Hapoo!", bilauri zikainuliwa, na Harm, nyuma ya kaunta, akamwelekezea mkewe chupa kama mtu anayeonyesha meli aliyoiunda. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kucheza.

Miaka ikapita, watoto wakaanza kuzicheka zile santuri, majirani wengine wakahama, wengine wakafa. Wakaacha kununua mpya. Kisha Rademann mwenyewe akafa akiwa mzee, na redio ikatangaza kipindi cha kumkumbuka, Jumapili mchana.

*

Jikoni kulikuwa na kahawa na keki ya siagi. Jirani yao Hinnerk Stehr alikuja na mkewe Frauke. Hinnerk alikuwa na kipara, tumbo, na neno la kuchokoza kwa kila mtu.

"Wamempa saa nzima," alisema. "Mimi nikifa, mtanipa dakika ngapi?"

"Wewe tutakupa kimya," alisema Frauke. "Tumekingoja muda mrefu."

Mtangazaji alikuwa kijana, sauti yake laini. Alipiga santuri ya tatu, alipiga ya tisa, kisha akasema, "Na sasa, wasikilizaji, Karamu kwa Rademann ya kumi na saba. Hii ilirekodiwa mwisho wa mwaka sabini na nane, siku zile theluji ilipoifunga Kaskazini nzima. Hakuna treni, hakuna barabara. Wanamuziki na wageni walikwama studioni, wakasema, basi tucheze. Mnachokisikia ni karamu halisi ya watu waliofungiwa na theluji."

Kukawa na makofi kidogo. Kisha mwanamke akacheka. Kicheko kikapanda, kikakwama, kikaanza upya.

"Gesine!" Frauke alipiga meza. "Huyo ni wewe!"

Gesine aliweka kikombe chini. "Ni mimi," alisema, uso umemchangamka. "Jamani, ni mimi kweli!"

"Ngoja kwanza, ngoja." Hinnerk aliinua kijiko kama polisi wa barabarani. "Theluji ile si ulikuwa kwa mama yako kule Angeln? Simu zimekatika, umeme hakuna, Harm hapa analia na viazi vyake? Kumbe shemeji ulikuwa ng'ambo ya mto tu, unacheka na akina Rademann!"

Wakacheka wote. Gesine naye akacheka, na Harm akakisikia kile kicheko kilekile kikitoka mezani, hatua mbili kutoka kwenye redio. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama keki.

*

Wageni walipoondoka, Gesine aliosha vikombe, Harm akafuta. Alifuta kimoja mpaka kikaanza kulia kwenye kitambaa.

"Uliondoka baada ya Krismasi," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Mwaka ule wa theluji."

Gesine aligeuka, mikono ina povu. "Harm. Hinnerk alikuwa anatania."

"Najua Hinnerk anatania. Redio haitanii. Kicheko ni chako au si chako?"

"Mwanzoni nilidhani ni changu. Labda ni mwanamke mwingine."

"Umesema ni wewe. Umesema mara mbili. Sasa umekuwa mwanamke mwingine."

"Basi ni mimi! Sijui kimefikaje pale. Mimi nilikuwa kwa mama."

"Nani alikuona huko?"

"Mama aliniona."

"Mama amekufa."

"Basi amekufa akiwa ameniona."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akarudi kwenye vikombe vyake, na mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Harm alikuwa mtu anayeamini kilichochapishwa. Ratiba ya kivuko, maelezo ya dawa, maandishi ya kwenye mkebe wa rangi: vyote alivisoma mpaka mwisho na kuvitii. Na kwenye jalada la kila santuri ya Rademann palichapishwa kwamba karamu ile ni halisi na wageni wake ni wa siku ileile.

Wiki hiyo hakutulia. Alianza kurekebisha bawaba ya kabati, akaiacha nusu. Alikwenda bustanini, akarudi bila kumwagilia. Wakiwa mezani alikuwa anauliza tu, ghafla, mkate uko mdomoni. Je, Antje, dada yake Gesine, hakuwa kule kwa mama? Hapana, Antje alikuwa Flensburg, na barabara ilifungwa, unajua. Je, treni ya kwenda Angeln siku ile ilifika kweli? Ilifika, ndiyo ya mwisho. Je, yule mpiga tromboni wa Rademann aliyewahi kumletea maua pale klabuni alikuwa anaitwa nani?

"Aliileta klabu maua," alisema Gesine. "Tulikuwa wanawake wengi pale."

"Lakini aliyepokea ni wewe."

"Kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mlango, Harm!"

Siku ya karata alikwenda baa ya mtaani kama kawaida, akidhani huko angalau atapumzika. Alikuwa hajatupa hata karata ya kwanza, fundi bomba wa mtaa akaita kutoka kaunta, "Harm! Mama yupo nyumbani leo? Au kumeanguka theluji?" Meza nzima ikatikisika kwa kucheka. Ulikuwa mwezi wa sita. Harm aliziweka karata zake juu ya meza, uso wa karata ukiwa juu, kila mtu akaziona, akatoka.

Aliingia nyumbani na kofia kichwani. Gesine alikuwa anapiga pasi.

"Sema jina," alisema Harm.

"Jina gani?"

"La huyo mtu. Mimi ni mzee, wewe ni mzee. Sitafanya lolote. Sema jina tu, nami nitakusamehe, tuendelee kula."

Gesine aliisimamisha pasi. Alimtazama kwa muda kama mtu anayesoma bango ambalo limebandikwa juu ya bango jingine.

"Utanisamehe," alisema.

"Nitakusamehe. Nimeshafikiria."

"Tangu Jumapili hujaniuliza kitu hata kimoja, wewe. Umenisomea hukumu tu, kila siku kipande. Leo umefika mwisho, umeniletea na msamaha." Alichomoa waya ukutani. "Asante. Sina pa kuuweka."

Alipanda juu, akashuka na sanduku dogo na koti la mvua. Harm alikuwa bado amevaa kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Kappeln, kwa Antje. Kaandike mahali, na uandike na saa, maana baadaye utasema nilikuwa mjini."

*

Jumanne ya wiki iliyofuata, kwenye soko la vitu vya mitumba kando ya kituo cha treni, palikuwa na masanduku ya santuri chini ya turubai. Harm aliinama, goti likalia, akaanza kupekua. Kijana muuzaji alimtazama.

"Unatafuta nini, babu?"

"Rademann. Ya kumi na saba."

"Rademann!" Kijana alivuta sanduku zima kwa mguu. "Chukua zote. Za huyu siuzi, nagawa. Mwenzangu pale anazitia kwenye maji ya moto, anazikunja, zinakuwa mabakuli ya njugu. Zinapendwa sana."

"Nitalipa."

"Babu, hata nikikuambia bei nitaona haya."

Harm aliweka sarafu ya euro moja juu ya meza ya yule kijana, akaondoka na ya kumi na saba kwapani, jalada likiwa ndani ili watu wasilione. Alipofika nyumbani alishuka moja kwa moja kwenye baa yake. Kaunta ilikuwa na vumbi. Alivaa zile hedifoni kubwa alizowahi kununuliwa na binti yao, akaiweka sindano.

Hapo ndipo alipogundua jambo la ajabu: katika miaka yote ile hakuwahi kusikia kinachofuata baada ya kicheko cha mkewe. Kila mara walikuwa wanapiga kelele za "Hapoo!" hapohapo, wakakifunika. Sasa alikuwa peke yake na hakuna aliyepiga kelele. Kicheko kilipanda, kikakwama, kikaanza upya, na kabla hakijaisha, sauti ya mwanamume, karibu sana na mkewe, nzito, yenye furaha, ikasema: "Mpe mwingine huyu, bado ana kiu!"

Harm alivua hedifoni. Akazivaa tena. Alimsikiliza yule mwanamume mpaka akamjua urefu, akajua ana masharubu, akajua ananukia nini. Alitafuta ile ya nane, ya mwaka wa klabu, akaiweka: kicheko, na palepale, "Mpe mwingine huyu, bado ana kiu!" Basi mtu huyu alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa naye sabini na moja, alikuwa naye sabini na nane, na neno lao walilolizoea ni hilohilo.

Alipanda ngazi, akavuka ua, akagonga mlango wa jirani. "Njoo," alimwambia Hinnerk. "Klabu uliijua yote. Nataka unitambulishie mtu."

Hinnerk alishuka akihema, akakaa kwenye kiti kirefu, akavaa hedifoni. Harm aliweka sindano akasimama kumtazama usoni. Aliuona uso ule ukikunjamana, ukikunjuka, kisha mabega ya Hinnerk yakaanza kutetemeka, na machozi yakamtoka.

"Unamjua?" Harm aliuliza.

"Namjua!" Hinnerk aliongea kwa kelele kwa sababu masikio yalikuwa yamezibwa. "Harm, huyu ni mimi! Sikiliza sauti hiyo! Nilikuwa na nywele!"

Harm alishika kaunta. "Wewe," alisema. "Miaka yote unakula viazi vyangu. Wewe!"

"Mimi nini?"

"Ulikuwa naye. Wakati wa theluji."

Hinnerk alivua hedifoni polepole. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na neno la kuchokoza. "Harm," alisema, "wakati wa theluji mimi nilikuwa na nani? Nilikuwa na wewe, bwana. Tulichimba mlango wa bibi Kröger pamoja mpaka koleo langu likavunjika, ukanitukana. Frauke akatupa mchuzi wa njegere pale barazani. Au umesahau?"

Harm hakuwa amesahau. Aliiona tena ile baraza, mvuke wa mchuzi, mpini wa koleo uliovunjika.

"Sasa mimi nitakuwaje kwenye santuri ya siku hizo?" Hinnerk aliigusa santuri kwa kidole. "Wametuchota, ndugu yangu. Wamechukua ile kanda ya klabu wakatumwaga humu tena. Labda na kwenye nyingine. Ndio maana tumelipwa soseji mara moja tu."

Wakazijaribu santuri zote alizokuwa nazo Harm. Kwenye ya kumi walikuwepo, kwenye ya kumi na mbili pia: Gesine anacheka, Hinnerk anaagiza kinywaji, mwaka baada ya mwaka, wala hawakuongezeka umri.

*

Siku ya pili Hinnerk alikuja asubuhi, amechana nywele chache alizo nazo. "Nitatoa ushahidi," alisema. "Andika, mimi natia sahihi. Na Frauke anatia."

Harm aliandika kurasa nne. Aliandika namba za santuri, akaeleza habari ya koleo, Hinnerk akatia sahihi chini, Frauke naye. Kabla ya kuifunga barua ile Harm alimpigia simu binti yao Wiebke, mwalimu wa shule huko Lübeck, amwambie kwamba mambo yamekwisha, kila kitu kimethibitishwa. Alimsomea yote.

"Unanisikia?" alisema.

"Nakusikia, baba. Kwa hiyo umemwamini Hinnerk."

"Si Hinnerk. Ni ushahidi."

"Mama alikuambia palepale jikoni alikuwa wapi. Umeiamini santuri ya mitumba, umemwamini mtangazaji, umemwamini Hinnerk Stehr, ambaye wewe mwenyewe unasema ni mwongo hata akikutajia saa. Sasa unampelekea mama sahihi za majirani kwamba yeye si malaya. Akizipata afanye nazo nini? Azitundike?"

"Wiebke, lugha yako."

"Lugha yangu! Baba, mimi nilikuwa mdogo, lakini siku mama aliporudi kutoka kwa bibi nilikuwepo. Vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa, vyote, mikono miwili. Hakuweza kufungua kitasa, akagonga kwa kiwiko. Ulimwona?"

Harm alihamishia simu kwenye sikio jingine.

"Nakumbuka ulichomwambia," alisema Wiebke. "Ulimwambia, 'Afadhali, maana hapa tumechoka viazi.' Akaenda jikoni na vile vitambaa. Nilikusubiri umuulize. Nikawa bado nasubiri mpaka nikaolewa." Akavuta pumzi. "Nina kipindi. Kengele imelia."

Harm alibaki na simu mkononi. Alijaribu kuviona vile vidole, na vikaja, kwa sababu kumbe alikuwa ameviona: vitambaa vyeupe vilivyochafuka, kimoja kimelegea na kinaning'inia. Alikuwa amevitazama na kudhani ni glavu. Hapana, hata hakudhani kitu. Alikuwa na njaa.

Zile kurasa nne alizichana, na sahihi zake. Hinnerk, aliyekuwa dirishani kwake, alimwona akizichana. Harm alikaa kwenye meza ya jikoni mchana kutwa. Mkono wake ulikuwa mzito wa kuandika. Kwenye kiwanda walijaza fomu tu, na fomu ina nafasi zake. Aliharibu karatasi nyingi. Mwishowe aliandika hivi:

"Gesine, Jumanne nimejua kwamba walikitoa kicheko chako kwenye kanda ya zamani. Nakuandikia hilo ili nisije nikajifanya nilikuamini kabla. Kuanzia ile Jumapili ya redio hadi Jumanne hii sikukuamini, na siku hizo ni zangu mimi, wewe huna deni. Msamaha niliokuletea wakati unapiga pasi nauomba sasa kwako, lakini usinijibu kuhusu huo kama hutaki. Nataka kukuuliza jambo jingine. Ile theluji kwa mama yako ilikuwaje? Mlikuwa mnapata wapi moto? Vidole vyako vilipatwa na nini? Kama hupendi kuandika, nitakuja Kappeln Jumamosi kwa treni na basi, nitakaa kwenye benchi pale stendi ya basi, na kama hukuja nitarudi na treni ya jioni, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena. Harm."

Aliisoma mara moja. Alitaka kuongeza kitu kuhusu koleo, akajizuia. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akapitisha kidole gumba ukingoni kwa nguvu kama mtu anayejaribu kiungo cha chuma. Hakuwa na stempu. Akaenda kununua moja kwenye duka la magazeti, na fundi bomba alikuwepo pale akinunua sigara.

"Harm! Mama vipi, bado yupo kwenye theluji?"

"Bado yupo," alisema Harm. "Namwandikia."

Fundi bomba alisubiri sehemu ya kuchekesha ifuate. Haikufuata. Harm alibandika stempu, akavuka barabara hadi kwenye sanduku la njano, akaiingiza barua, akaiachia. Kisha akatia vidole mdomoni mwa sanduku, akapapasa, kuhakikisha haijanasa. Haikunasa. Ilikuwa imekwisha kuanguka.